Axio na mteremko wa Iwambi: gari la familia tulilolipima Mbalizi

Baada ya sala ya Alasiri, maalim mmoja wa madrasa yetu hapa Mbalizi alitukalisha barazani mwa msikiti akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: akiba ya miaka sita, watoto wanne, mama mzazi, maradhi ya miguu, hospitali Mbeya kila mwezi, gari gani? Kwa miaka yote hiyo familia yake imesafiri kwa daladala, na usiku kwa bodaboda, bibi akiwa katikati na mjukuu nyuma yake akimshika kiunoni asianguke.

"Ninataka Axio mpya, namba E," alisema. "Lakini ninyi mmesoma. Niambieni kama huu ni utaratibu au ni israfu."

Ukweli ni kwamba chuoni hatukusomeshwa magari. Tulisomeshwa miamala, yaani hukumu za kuuza na kununua, na tuliona kwamba mlango huo unatosha kuanzia. Tukaomba wiki tatu. Tukaazima Axio ya muumini mmoja, tukakaa na mafundi wa gereji, tukazunguka katika yadi za magari mjini Mbeya. Tunayaandika hapa tuliyoyapata kwa sababu baada ya maalim walikuja wengine wanne na swali lile lile.

Tuanze na neno "mpya", maana ndilo linalomponza mnunuzi. Katika mazungumzo yetu gari jipya ni lile lililoshuka melini juzi likapewa namba ya juzi. Mtu akisema "namba D" au "namba E", wasikilizaji hukadiria umri wake papo hapo. Herufi ile, hata hivyo, husema gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haisemi lilitengenezwa lini kule Japani. Axio iliyofika bandarini mwezi uliopita inaweza kuwa imetembea Nagoya au Osaka miaka kumi na mbili. Na ile ya jirani yako yenye namba D inaweza kuwa ya mwaka huo huo wa utengenezaji, ila yenyewe imeshalipiwa kodi, na yote iliyoyapitia tangu ifike unaweza kumuuliza mwenyewe uso kwa uso.

Toyota Corolla Axio ilianza kuuzwa Japani mwaka 2006. Jina la Corolla lenyewe ni la tangu 1966. Axio ni tawi lake la sedani lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Wajapani. Toleo la kwanza liliendelea hadi 2012, ndipo likaja la pili, lililojengwa juu ya msingi wa gari dogo zaidi, familia ya Vitz. Anayetaka kujua yupo mbele ya lipi asimsikilize dalali, asome namba ya chasisi. Ikianza na NZE141 ni toleo la kwanza lenye injini ya sisi 1,500. NZE161 ni la pili lenye injini hiyo hiyo. NRE160 ni la pili lenye injini ya 1,300, na NKE165 ni lile linalotumia petroli pamoja na betri kubwa, ambalo mafundi wetu huliita haibridi.

Upana wa Axio ni milimita 1,695, na idadi hiyo haikuja kwa bahati. Sheria ya Japani huweka gari katika daraja la magari madogo likiwa halizidi upana wa milimita 1,700, urefu wa milimita 4,700 na injini ya sisi 2,000. Kwa hiyo hili ni gari lililobanwa kwa makusudi ili liingie katika vichochoro vya miji ya kwao, na vichochoro vya Mbalizi navyo vinashukuru. Watu wazima watatu nyuma watakaa mabega yakigusana. Watoto watatu watakaa vizuri. Buti limemeza gunia la viazi na mkungu wa ndizi za Tukuyu, na kifuniko kikafungika bila kamba.

Mama yake maalim tulimweka nyuma, upande wa kushoto. Sedani hukaa chini kuliko Noah, na kwa mwenye magoti mabovu kushuka ni kazi kuliko kupanda. Ilibidi mjukuu amsaidie kutoa miguu kwanza. Alipotulia kitini tulimuuliza anaonaje. "Humu ninakaa," alijibu. "Kwenye pikipiki nilikuwa ninabebwa."

Injini ya 1,500, ambayo mafundi huiita 1NZ, ndiyo iliyomo katika Probox, na pia katika Vitz, IST na Premio za injini hiyo. Hii ndiyo sifa kubwa ya Axio kwa mtu wa kipato cha kawaida, wala haionekani kwa macho. Spea zake zipo katika kila duka, na fundi aliyejifunzia Probox hatajifunzia kwako. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na oili yake ni chini ya lita nne. Safari zetu za kwenda Mbeya na kurudi, kwa kujaza tangi hadi juu na kujaza tena, zilitupa kama kilomita 13 kwa lita. Hiyo ni hesabu yetu ya wiki moja tu, tena na mlima ndani yake.

Ile ya 1,300 wauzaji huisifu kwa kubana mafuta. Sisi hatuipendekezi kwa watu wa nyanda hizi. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini ndogo isiyo na tabo hupungukiwa nguvu. Watu watano na mzigo wakipanda kutoka Mbalizi kwenda Iwambi, gari hulia kuliko linavyokwenda. Wala kodi haipungui, kwa kuwa ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya sisi 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5 kwa zote.

Na kwa kuwa tumeitaja kodi, tuitazame, maana hapo ndipo karatasi ya maalim ilipochanika. Mamlaka ya Mapato haitegemei bei uliyomlipa Mjapani. Ina mfumo wake wa thamani ya magari yaliyotumika. Tuchukue mfano, na ni mfano tu, wa gari lililothaminiwa shilingi milioni 10 hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, basi tumefika milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 juu ya hapo ni 625,000. Kama gari limepita miaka 10 huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, ambao ni 3,750,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hutoa 3,037,500. Ukizijumlisha, kodi peke yake ni shilingi 9,912,500, kabla ya tozo ndogo za forodha, reli na usajili. Gari la thamani hiyo hiyo lenye miaka minane hadi kumi, ambalo uchakavu wake ni asilimia 15, lingelipiwa 7,700,000. Lisilofikisha miaka minane lingelipiwa 5,487,500.

Yaani serikali haikatazi gari kuukuu, kama Kenya wanavyokataza lililozidi miaka minane, ila hulitoza. Anayeagiza toleo la kwanza la Axio leo, ambalo lote limeshapita miaka 10, hulipa kodi inayokaribia thamani ya gari lenyewe. Kisha amlipe dereva wa kulitoa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 hadi huku, kupitia Mikumi na Kitonga.

Hapo ndipo yadi zinapoingia. Katika yadi moja mjini Mbeya, ambayo hatutaitaja, tulioneshwa NZE161 nyeupe inayong'aa. Kipima kilomita kilisoma 71,000 na ushei. Kijana wa pale alikuwa mpole, alitukaribisha kwa salamu na maji ya kunywa. Tulipofungua mlango wa dereva tuliona pembeni, kwenye nguzo, kibandiko kidogo cha Kijapani cha kubadilisha oili. Kilikuwa na tarehe iliyoanza na 28, na chini yake 118,400.

Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei ni 2016. Kwa hiyo mwaka 2016 gari lile lilikuwa limeshatembea kilomita 118,400, na miaka mingi baadaye, hapa kwetu, linasoma 71,000.

"Kijana wetu," tulimwambia, "hili gari limekuwa likitembea kinyumenyume?"

Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Wazee wangu, na mimi nimelikuta hivyo." Huenda ni kweli; kilomita hurudishwa nyuma mahali popote kati ya mnada na yadi. Lakini katika fiqhi aliyelikuta hivyo na akajua, naye anawajibika kulisema. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini yake pamelowa, hakuridhika na udhuru wa mvua. Alimtaka mwenye mali aiweke iliyolowa juu watu waione. Na mnunuzi akigundua aibu aliyofichwa ana haki ya kurudisha, hata kama kwenye risiti pameandikwa kwamba kilichouzwa hakirudishwi.

Kinga ipo, wala haihitaji ugomvi. Gari lolote linalotoka Japani hutoka na cheti cha kuruhusiwa kusafirishwa, na katika cheti hicho huandikwa kilomita zilizosomwa ukaguzini. Mengi hupitia minadani na huwa na karatasi ya mnada yenye daraja: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina makovu, na R maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Omba vyote viwili. Muuzaji akisema vimepotea, usimwite mwongo, ila punguza bei kana kwamba habari iliyopotea ni mbaya. Andika pia namba ya chasisi uitazame katika ukurasa wa Toyota wa kukagua magari yaliyoitwa kurudishwa kiwandani. Corolla nyingi za miaka hiyo ziliitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kilipulio chake kikizeeka kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma badala ya kumkinga mtu. Gari likiuzwa nje ya Japani kabla ya kubadilishwa, kasoro hiyo husafiri nalo.

Sasa tuje Iwambi. Msomaji wa Dar es Salaam atushike mkono: mtu akitoka Mbeya kuja Mbalizi huteremka mlima ambao ni njia kuu ya malori ya kwenda Tunduma, Zambia na Kongo. Kila familia ya huku inao mtu iliyemzika kwa sababu ya mteremko ule, au inamjua aliye naye. Gari la familia linalosifiwa kwa redio na viti bila kupimwa pale, kwetu halijapimwa.

Tuliteremka nalo mara sita, mara mbili likiwa limejaa watu. Mara ya kwanza dereva wetu aliacha mkono wa gia kwenye D na kukanyaga breki kidogo kidogo njia nzima, kama wafanyavyo wengi. Tulipofika chini magurudumu ya mbele yalinuka. Breki ni msuguano, na msuguano ni joto. Pedi zikishika moto sana hukosa kukamata, na mafuta ya breki yaliyozeeka, ambayo hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka, huchemka mapema, pedali ikazama bila kitu chini yake. Mara zilizofuata tuliteremsha mkono wa gia kwenye herufi iliyo chini ya D, ambayo katika Axio nyingi ni S au B, kabla mteremko haujaanza. Injini ikanguruma, gari likajizuia lenyewe, na breki ikaguswa mara chache tu. Harufu haikuwepo. Tuliwauliza madereva tisa wa Axio msikitini. Wawili tu walijua herufi ile ina kazi gani. Mmoja alidhani ni ya kuegeshea.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Na kwa kuwa gia za Axio za sisi 1,500 kwa kawaida ni zile zisizo na hatua, za CVT, zisitiwe mafuta ya gia ya kawaida. Zina mafuta yake, yenye alama ya TC kwa toleo la kwanza na FE kwa la pili. Fundi mmoja alituonesha gia boksi tatu zilizokufa zikiwa zimepangwa ukutani, na zote, kwa maneno yake, ziliuawa na lita nne za mafuta ya bei rahisi. Anayenunua Axio ya mkononi aulize swali hilo kabla ya kuuliza habari za redio.

Lile la haibridi hatuna uhakika nalo kwa Mbalizi ya leo. Linabana mafuta kweli, lakini betri yake hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma, na vumbi letu ni lile lile linalowatesa watoto kwa mafua. Fundi wa kulifungua na kulisafisha huku bado ni wa kutafuta kwa tochi. Vilevile Axio yoyote si gari la barabara ya Shigamba wakati wa masika. Ipo chini mno. Wenye mashamba ya viazi kule Umalila waendelee kupanda magari yanayostahili matope yale.

Linalobaki ni fedha. Akiba ya maalim ilimpeleka hadi kwenye NZE141 ya mkononi, lakini moyo wake ulikuwa kwa NZE161. Taasisi moja ilikuwa tayari kumpa tofauti kwa riba ya kila mwezi. Hukumu ya riba maalim anaijua kuliko sisi. Ndiye anayewafundisha watoto wetu. Tulimweleza tu kwamba njia nyingine ipo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini iliyosimama yote juu ya misingi ya sharia, na CRDB wana dirisha la Al Barakah. Kwa murabaha benki hulinunua gari, likawa mali yake na dhamana yake, kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Aulize maswali mawili: gari lini linakuwa la benki, na nikichelewa bei inapanda? Wakimpa fedha taslimu mkononi akanunue mwenyewe, hiyo si murabaha, hata karatasi zikiwa za kijani.

Alifikiri siku nne. Mkewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, alisema ushauri mzuri kuliko wetu wote: kwamba gari likimaliza akiba yote, la kwanza kuharibika litasimama uani kama jokofu bovu. Walinunua NZE141 ya fedha iliyoiva, yenye namba C, kutoka kwa mwalimu mstaafu wa Uyole aliyekuwa na daftari la kila oili aliyobadilisha. Fedha iliyosalia ilinunua matairi manne, pedi za mbele, mafuta ya breki na mafuta ya gia ya TC. Bado zimebaki za bima na za dharura moja.

Jumanne ya kwanza ya mwezi tuliwafuata nyuma wakitoka hospitali. Juu ya Iwambi, kabla ya bonde kuanza, tuliona taa za breki zikiwaka mara moja tu na kuzimika, na gari likashuka polepole nyuma ya lori la Wazambia, likiacha nafasi ya kutosha. Kwenye kioo cha nyuma ilionekana mitandio mitatu na kofia moja.

Redio haijapatiwa dawa. Ni ya Kijapani, husikia kuanzia 76 hadi 90 tu, na stesheni nyingi tunazozipenda zipo juu ya hapo. Kila asubuhi maalim akiwasha gari, mwanamke asiyeonekana humkumbusha kwa Kijapani kwamba hakuweka kadi ya kulipia barabara. Mtoto wake mdogo, mwenye miaka mitatu, ameshazoea, humjibu kutoka nyuma: "Waalaykumu salaam."